Kiapo cha Hata Tone

Watu wakiiona leo nyumba yangu ya mawe hudhani nilizaliwa na bahati. Sikuzaliwa nayo. Nilisoma chuoni mpaka nikaweza kuifuata Kurani kwa kidole, na shule ya Serikali niliikalia mwaka ambao haukufika mwisho. Yaliyobaki niliyafanya kwa mikono. Nilichoma chokaa. Zile nyumba nyeupe ambazo Wazungu walijijengea Diani miaka ya hamsini, nyingi zilipakwa chokaa iliyotoka katika tanuri langu, pale ufukweni, mkabala wa kisiwa cha Chale. Nasema haya mapema ili mtu asinisome kwa huruma. Huruma siitaki, na wakati ule nilipoihitaji sikupewa.

Kazi ya chokaa ina kiu. Unapanga magogo ya minazi, juu yake unapanga mawe ya matumbawe, unawasha, na siku ya pili unafukua majivu meupe yanayokuingia puani na kooni mpaka ukikohoa unatema uji. Tulikuwa tukiambiana kwamba maji hayaitoi chokaa kooni, inatolewa na tembo la mnazi tu. Uongo huo tuliutunza vizuri, kila mtu akimkumbusha mwenzake. Na tembo halikuwa mbali. Mgema hupanda mnazi asubuhi na hupanda tena alasiri, na kila anaposhuka na kibuyu chake pana watu wamekwisha kukaa mangweni kwake, pale anapouzia, mirija mkononi, wanamngojea kama vifaranga. Mimi nilikuwa mmoja wa vifaranga hao.

Jioni moja mke wangu alinifuata mangweni. Alikuwa amepika, chakula kimepoa, amechoka. Hakunitukana. Alinishika mkono tu, akasema, "Twende nyumbani, baba." Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Leo bwana chokaa amefuatwa kufunguliwa kamba. Mpelekeni zizini kabla ya mvua." Mimi, ili niwaonyeshe kwamba sikuwa mbuzi, nikampa talaka pale pale, moja, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki. Kicheko kikakatika. Mke wangu akauachia mkono wangu, akajifunga leso yake vizuri, akaondoka. Asubuhi alipanda basi akaenda Msambweni kwa mjomba wake.

Nilipopata akili nilikwenda kwa mwalimu wa chuo, yule aliyenifundisha alifu na bee.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimesikia. Kaa."

"Mwalimu, ile si talaka. Nilikuwa nimelewa."

"Nani alikulewesha?"

Nikaanza kumtaja mgema, akanikata.

"Ulifungwa mikono ukamiminiwa?"

"La."

"Basi talaka imepita. Lakini ni moja, na yeye yumo edani. Kabla hajamaliza twahara zake tatu za baada ya hedhi unaweza kumrejea kwa neno la kinywa chako. Ikipita eda, ni mwanamke wa watu kama wanawake wengine." Akanitazama. "Ila mke si kitanda, mwanangu, kwamba utakwenda kukibeba. Mridhishe kwanza mjomba wake."

Kwetu sisi Wadigo mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Baba anazaa, mjomba ndiye anayekalia kiti. Nikatuma mtu Msambweni, na jibu la mjomba likaja halina sukari: mpwa wake hatarudi katika nyumba inayonuka tembo. Niende na watu wawili wazima wasiokunywa, wasimame mbele yake waseme wameniona sinywi na kwamba wataniangalia. Nisipowapata kabla ya eda kwisha, nisijisumbue na nauli.

Watu wawili wasiokunywa. Hapo ndipo nilipojua nilivyokuwa maskini. Niliwapitia akilini watu wote walioniita rafiki, na kila uso ulionijia ulikuwa na mrija mdomoni. Wale waliokuwa hawanywi, watu wa msikitini, walinijua kwa harufu tu. Nilimwendea mmoja wao, jirani yangu, tunachota kisima kimoja. Akaniambia, "Mimi nikusimamie wewe? Kesho nikukute mtaroni, uso wangu niupeleke wapi?" Alikuwa na haki. Lakini sikumsamehe, na amekufa bila ya mimi kumsamehe.

Aliyenionyesha njia alikuwa mgema mwenyewe. Sikumwuliza. Alikuwa akilalamika mbele yetu kwamba biashara inapungua, wateja wanampotea. "Wanakwenda kwa yule kiguru wa Kinondo," alisema. "Alikuwa mgema kama mimi. Akapanda amelewa, akaanguka, nyonga ikavunjika. Sasa yeye hapandi, basi anataka na sisi tusiuze. Kila alasiri anawakusanya watu uani kwake, wanasuka makuti kama wanawake." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, huku nikiiweka njia ya Kinondo kichwani.

Siku ya pili nilikwenda. Niliupita ule ua mara ya kwanza nikijifanya ninakwenda kwingine. Mara ya pili nikaona aibu kurudi nyuma, nikabisha hodi.

"Karibu," akasema mzee mmoja aliyekaa juu ya mkeka, mguu mmoja ameunyosha kama gogo. Pembeni yake palikuwa na wanaume kadhaa na rundo la majani ya mnazi.

"Assalamu alaikum. Mimi ni mchoma chokaa. Nimekuja kuuliza kama mnataka chokaa."

Alinitazama, akaitazama nyumba yake ya udongo, akanitazama tena.

"Nyumba hii ukiipaka chokaa itaanguka kwa mshangao," akasema. "Ulichokuja nacho ni kiu. Vua viatu, kaa hapo, shika kuti."

Nikakaa. Sasa nitasema walichokuwa wakifanya, kwa sababu watu waliwazulia mengi, wengine wakasema ni uganga. Hapakuwa na uganga. Walikuwa wakikutana baada ya sala ya alasiri na kukaa mpaka isha, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo tembo la jioni hushuka na miguu ya mnywaji hujiendea yenyewe. Waliishika miguu hapo. Mikono waliipa makuti, kwani mkono mtupu hutafuta kata ya tembo. Kisha kila mtu kwa zamu yake alisema jana yake ilikuwaje, ukweli mtupu, na wengine walikatazwa kumhubiria. Mzee alikuita huko "kutua mzigo". Ukimaliza, wanasema, "Umetua," basi, zamu inakwenda kwa mwingine.

Palikuwa na Mduruma mmoja, mtu wa bara kavu huko nyuma ya Kwale, alishuka pwani na ng'ombe wa kuuza akabaki. Siku ile ya kwanza yeye ndiye aliyetua mbele yangu.

"Jana nilimwota dume langu jekundu," akasema. "Yule niliyemnywa mwisho."

"Ulimnywa?" nikauliza, sikujua kwamba anayetua hakatizwi.

"Nilimnywa yeye na wenzake wote, mmoja baada ya mmoja. Mkia tu ndio ulionishinda." Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye. "Nikaamka nina kiu, nikanywa maji, nikalala. Nimetua."

"Umetua," wakasema.

Zamu ilipofika kwangu nikasema sina la kusema. Mzee akasema hilo nalo ni la kusema.

Juma lile la kwanza sitaki kulisimulia sana. Mikono ilitetemeka hata kuti likanichanikia vidoleni. Nilitoka jasho kivulini. Chakula kilikuwa na ladha ya majivu. Lakini nilikuwa na hesabu moja kichwani, eda ya mwanamke aliyekuwa Msambweni, na hesabu hiyo ilinipeleka Kinondo kila alasiri kama anayedaiwa sala. Baada ya siku hizo mzee aliniletea msahafu nikatia udhu, nikaapa maneno waliyoapa wote: tembo halitapita kinywani mwangu, hata tone. Mduruma yeye hakuwa mwislamu, aliapa kwa kaburi la baba yake, na mimi naona kiapo chake kilikuwa kizito kuliko changu, kwa sababu kaburi lile alilichimba yeye mwenyewe.

Mzee aliniuliza, "Umesikia ulichoapa?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Hata tone."

"Hata la dawa. Hata la kuonja. Hata la kumwagia wazee makaburini. Anayeacha mlango wazi kidogo hajafunga mlango."

Maneno hayo yalikuwa yake. Nataka msomaji ayashike.

Kurudi nyumbani tulikuwa tunasindikizana. Njia ya kwangu ilipita mbele ya mangwe lile lile, hivyo wawili watatu walitembea nami mpaka tulipite, kisha wakageuka. Walevi walitungoja kama watoto wanaongojea ngoma. "Haya, maiti hiyo inapita," mmoja alikuwa akisema. "Jeneza liko wapi?" Mwingine: "Bwana chokaa, makuti yamefika mangapi? Nikuletee na mume?" Mduruma aliwajibu siku moja, "Tuleteeni ng'ombe wangu, mmewanywa pamoja nami." Na ilikuwa kweli.

Siku zikaenda. Nilinenepa, nikachoma matanuri mawili bila ya kuungua. Ilipobaki kama nusu mwezi eda iishe nikamwambia mzee shida yangu yote. Hakusitasita. Alisema yeye na Mduruma watakwenda kunisimamia, na mtu mwenye nyonga iliyovunjika kupanda basi la Msambweni kwa ajili yako si jambo dogo. Hilo nampa. Sitamnyima.

Tulifika Msambweni kabla ya adhuhuri. Mjomba alitukaribisha barazani kwake, mtu mrefu, kanzu safi, kinywa kimebana. Wanawake walikuwa ndani, na nilijua kwamba mke wangu yu nyuma ya ule mlango kwa jinsi mlango ulivyonyamaza.

Baada ya salamu mjomba akamgeukia mzee. "Wewe ndiye unayemjua?"

"Ninamjua. Ameketi nami kila alasiri. Hajanywa."

"Na wewe?" akamwuliza Mduruma. "Wewe dini yako ipi?"

"Dini yangu ng'ombe," akasema Mduruma. "Lakini macho ninayo mawili, na yote yamemwona hanywi."

Mjomba akacheka, na alipocheka kifua changu kilishusha pumzi iliyokaa humo tangu ile jioni ya mangweni. Akaniambia, "Haya, mkwe. Mimi sina tena neno. Mwenyewe amekupikia. Amekataa mtu mwingine aguse jiko. Kula, kisha tuyamalize, uondoke naye na basi la alasiri."

Kwa watu wa kule hilo lilikuwa neno kamili. Mwanamke aliyeudhiwa akikupikia kwa mkono wake nawe ukala mbele ya mjomba wake, maneno yamekwisha. Hakuna kuandikiana.

Mama mkwe akaingia na sinia, ameinamisha uso kwa heshima. Ulikuwa mkate wa kumimina, mzima, mnene, umeiva rangi ya dhahabu juu. Mjomba akaukata. Nikapewa kipande cha katikati. Nikakileta mdomoni, na kabla ya meno, pua ikanisimamisha.

Ninyi mnaotumia hamira ya dukani hamtalijua hili. Mkate ule, unga wa mchele na tui, siku zile uliumuliwa kwa tembo. Kikombe kimoja tu, unakorogwa jioni, asubuhi umefura. Kila nyumba ilifanya hivyo, hata nyumba za walimu, hata mwezi wa Ramadhani, na hakuna aliyeita hilo kunywa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimletea mke wangu kile kikombe kutoka mangweni, miaka yote ya ndoa yetu. Ndio mkate niliokuwa nikiupenda kuliko chakula chochote. Ndiyo maana aliupika.

Nikakishusha kile kipande.

"Umeumuliwa kwa nini?" nikauliza.

Mama mkwe alishangaa. "Kwa tembo, mwanangu. Kama siku zote."

"Basi nisameheni. Nimeapa. Hata tone."

Nikamtazama mzee ili aseme neno, awaeleze, kwani kiapo ni chake. Mzee alikuwa ameinama. Alikuwa anatafuna.

"Mkate wa mpwa wangu unakataliwa?" mjomba akauliza polepole.

"Sikatai mkate. Nipeni muhogo, nipeni maji matupu, nitakula mbele yenu. Nipeni chochote alichokigusa."

"Mgeni hachagui, mkwe. Na moto umelila tembo lote. Huo ni mkate."

"Nimeapa juu ya msahafu, mjomba."

Ndipo mlango ulipopata sauti. Mke wangu hakutoka, alisema akiwa ndani, bila ya kupaza. "Mwulizeni, siku aliponiacha mbele ya watu, kwa nini hakuuliza kwenye kibuyu kuna nini. Ameninyima nyumba kwa ajili ya tembo. Leo ananinyima uso kwa ajili ya tembo lile lile. Mjomba, mimi sirudi."

Mwalimu alinilaumu baadaye. Alisema neno lilikuwa kinywani mwangu. Ningesema "nimekurejea" pale pale, na kwa sheria angekuwa mke wangu, apende asipende. Najua. Nililijua hata pale barazani. Lakini mtu asemeje neno hilo kuuambia mlango? Mimi nilikwisha kumwacha mwanamke yule kwa kelele mbele ya walevi. Sikutaka kumrudisha kwa nguvu mbele ya mjomba wake. Iite kiburi. Nimeitwa hivyo na watu wenye ndimi kali kuliko wako.

Tuliondoka. Njiani kuelekea basi nilijizuia mpaka nikashindwa.

"Mzee, wewe ulikula."

"Nilikula."

"Na kiapo?"

"Mimi nilikula mkate."

"Ulisema hata la dawa. Ulisema hata la makaburini."

"Nilisema," akajibu. Alikuwa anachechemea, jasho linamtoka. "Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa unatetemeka, mwanangu. Mtu anayetetemeka huwezi kumpa sheria yenye mikunjo. Nilidhani ukipona utajua mwenyewe mkate ni mkate."

"Mbona hukuniambia pale?"

"Ningekuambiaje mbele ya watu uvunje kiapo nilichokuapisha mimi? Kesho ukianguka, utasema nani alikusukuma?"

Mduruma alikuwa nyuma yetu. Akasema, "Mimi sikuula. Nilikitia mfukoni kipande changu." Akakitoa, kimepondekapondeka, akawarushia kuku wa watu. Sikumwuliza kwa nini. Basi lilipokuja tulikaa viti mbalimbali.

Eda ikaisha. Habari niliipata kwa msafiri aliyeshuka basini pale njia ya Kinondo, akaniambia huku akicheka, akidhani nimekwisha kujua, kwamba mjomba amekwisha kupokea posa nyingine. Baadaye akaolewa na muuza nguo wa Msambweni, mtu asiyekunywa, si kwa kiapo wala kwa toba, bali kwa sababu hakuipenda ladha yake. Watu namna hiyo wapo. Mungu huwaumba bila ya kuwatoza kitu.

Siku ile ya habari nilikwenda uani kwa mzee kama kawaida. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Eda imekwisha. Nimetua." Wakasema, "Umetua." Kanuni ilikuwa watu wasihubiri, na hawakuhubiri. Mzee hakuinua uso. Ningependa siku ile mtu mmoja aivunje kanuni.

Tulipoinuka wakajitayarisha kunisindikiza. Nikawaambia wasije. Mzee akaniita mara moja, sikugeuka.

Nikafika mbele ya mangwe peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yao, hata nilikuwa na majibu tayari. Hawakunitukana. Habari ilikuwa imenitangulia. Yule aliyekuwa akiuliza jeneza liko wapi alisimama, akaweka mrija wake chini, akasema, "Pole, baba. Tumesikia. Si haki walivyokufanyia." Wakasogea, wakaacha nafasi kwenye gogo, mahali pangu pale pale pa zamani. Mgema akajaza kata, akaipangusa ukingo kwa kiganja, akaishika mbele yangu bila ya kusema bei. Hakuna mtu yeyote, si msikitini, si Msambweni, si uani kwa mzee, aliyeniambia pole siku ile isipokuwa wao.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Harufu ilikuwa ile ile ya mkate.

Kilichoniondoa hakikuwa Mungu, na nisiseme uongo kwamba kilikuwa Mungu. Wala hakikuwa mzee na makuti yake. Niliona tu kwamba nikikaa juu ya gogo lile, nitakuwa nimeukataa mkate wa yule mwanamke bure. Nikamwambia mgema, "Mpe mwingine," nikaenda zangu nyumbani kupika.